Ukuta wa Chumbani kwa Mama Mkwe

Niliingia chumbani kwa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza siku tulipoanua matanga yake. Deusi, kaka mkubwa wa mke wangu, ndiye aliyenifungulia mlango. Alitaka niutazame ukuta kwa ndani, nimwambie kama nyumba bado ina maisha, maana mmoja wa wajukuu alikuwa anaomba kuhamia. "Ingia, shemeji," akasema. "Hakuna tena wa kumkimbia." Mimi ni mtu mzima, mvi zimenijaa, nina wajukuu wanaonitania usoni, lakini miguu iligoma pale kizingitini. Ilikuwa bado miguu ya yule kijana wa Bugarama, Ngara, aliyefundishwa kwamba chumba cha mama mkwe hakiingiwi, hakichunguliwi, na ikiwezekana hakitajwi. Ukuta wenyewe naujua. Naujua ubao kwa ubao, fundo kwa fundo, kuliko nilivyoujua uso wa mwenye chumba. Lakini naujua kwa nje, na wakati nimesimama pale nikisubiri miguu yangu ikubali, nilirudi kwenye mwaka ule tulioujenga, yeye akiwa ndani na mimi nikiwa nje.

Nilikuwa nimeoa juzi tu. Masika ya mwaka ule yalikuja na upepo wa kutoka upande mmoja, yakaipiga nyumba ya mama mkwe kule Nyantakara kama vile yametumwa. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, aliyoijenga marehemu mume wake, na upande uliopigwa ndio uliokuwa na chumba chake cha kulala. Mvua ilipokatika, udongo wa nje ulikuwa umeporomoka wote, miti ya ukuta imebaki wazi, na mwanga ukaanza kupenya. Kumuita fundi kulikuwa rahisi, kwa sababu fundi seremala alikuwa amejileta mwenyewe kwenye ukoo. Tatizo ni kwamba fundi huyo alikuwa mkwe. Kwa desturi zetu, kule Ngara na huku Biharamulo pia, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Sikumtazama usoni. Sikula mbele yake. Tukikutana njiani, mmoja wetu aliingia shambani mpaka mwenzake apite. Sasa ningepigaje misumari kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala?

Kesi ilipelekwa kwa Shangazi Yustina, dada wa marehemu, mwanamke mwembamba aliyependa kesi kuliko chai. Alitukusanya uani, akatusikiliza wote, halafu akahukumu. "Mkono wa mkwe uguse ukuta kwa nje," alisema, "lakini jicho lisiingie. Dirisha lifungwe, lipigwe mkeka. Akitaka kujua jambo la ndani, amuulize mke wake, mke wake amuulize mama yake. Na wewe, baba," akanigeukia, "ukisikia mtu anakohoa humo ndani, hujasikia." Nikaitikia kwa heshima zote, ingawa moyoni nilikuwa nacheka, na nadhani hata yeye alikuwa anacheka kidogo. Mimi na Adelina, mke wangu, tukapewa banda la kahawa kuwa nyumba yetu mpaka kazi iishe. Tulilala juu ya magunia, na mpaka leo harufu ya kahawa kavu inanikumbusha ndoa changa.

Kuchagua mbao kulikuwa sinema. Mama alikaa barazani juu ya mkeka, ametupa mgongo. Mimi nilisimama nyuma ya mibuni, nimegeukia bonde. Adelina alisimama katikati, akipokea maneno ambayo kila mmoja wetu alikwisha kuyasikia. Mimi nilitaka mninga. Nilikuwa kijana, nilitaka ukuta ambao watu wangepunguza mwendo wakipita. "Mwambie mkwe," Mama akasema, "mninga ni wa watu wenye vibali vya misitu na wenye haraka ya kusifiwa." Adelina akafungua mdomo. "Nimesikia," nikamwambia. Basi nikapendekeza mabanzi, yale mapande ya pembeni ya gogo yenye magome. Akauliza kama anajengewa nyumba au kibanda cha kuuzia mkaa. Nikataja mkaratusi, akasema mkaratusi unapinda hata ukiwa umelala. Nikaishiwa. Kuku walikuwa wakipekua majani karibu na miguu yangu, halafu Mama akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mzaha tena: "Mwambie kuna migrevilia ya marehemu mzee. Aliipanda iwe kivuli cha kahawa. Kahawa yenyewe imeshazeeka. Hicho kivuli sasa nakihitaji mimi." Adelina hakurudia maneno hayo. Aliinamisha kichwa, na mimi nikaendelea kulitazama bonde, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kwamba sipewi miti, napewa mtu.

Mzee Lutobeka, mpasua mbao wa pale kijijini, na mwanawe waliikata migrevilia mvua ziliponyamaza, wakaipasua palepale shambani kwa msumeno wa watu wawili. Mbao za mgrevilia zikitoka kwenye msumeno zina rangi ya waridi iliyofifia, na ndani yake mna madoadoa yanayong'aa ukizigeuza juani. Nilizipenda mara moja, mninga nikausahau. Nilitaka nianze kupigilia wiki ileile. Mzee Lutobeka akaniwekea mkono begani. "Subili, bwana mkwe, usihalakishe," alisema. "Mti huu bado una maji yake. Ukiupigilia leo utasinyaa ukutani, kila ubao utaachana na mwenzake. Kiangazi kikikolea utakuwa unamuona mama mkwe wako kutoka barabarani." Waliokuwepo walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilizipanga mbao nyuma ya banda, juu ya mawe, na vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, nikaweka mawe mazito juu yake zisipinde, nikafunika kwa majani ya migomba. Ncha zake nilizipaka nta ili zisipasuke. Kiangazi chote kazi yangu ikawa kuzigeuza, kuzinusa na kuzigonga kwa kidole. Mbao mbichi inaitika kwa sauti nzito. Ikikauka inaitika kama mlango uliobishwa hodi.

Nilikula vizuri mwaka ule kuliko mwaka wowote wa maisha yangu, na nilikula peke yangu. Mkwe hali mezani pa mama mkwe, basi chakula changu kililetwa bandani kimefunikwa kwa ungo: ndizi zilizopikwa na maharage, ugali wa muhogo na dagaa, kisamvu, siku ya Jumapili kuku. Kilikuwa chakula cha watu wengi. Nikibakiza, Mama alimuuliza Adelina kama mkwe anaumwa. Nikimaliza, kesho yake kiliongezwa. Nilinenepa kwa adabu. Wakati mwingine nilimsikia jikoni, ng'ambo ya ua, akimuuliza binti yake kwa sauti ya chini ambayo ilikusudiwa inifikie: "Pilipili aliionaje?" Na mimi nikamjibu Adelina kwa sauti kubwa, bandani, ambako Adelina hakuwepo: "Pilipili ilikuwa nzuri sana." Nimekaa na watu wengi meza moja na hatukuwahi kuongea kama tulivyoongea mimi na yule mama.

Lakini haikuwa sinema siku zote. Kuelekea mwisho wa kiangazi nilikuwa nje ya ukuta ule, nakwangua udongo uliolegea ili nifikie miti, Deusi alipokuja kutoka Kaniha. Alikuwa na nyumba kule, ya matofali, na alikuwa mtoto mwema, asiyepata usingizi kwa hofu. Waliongea ndani, yeye na mama yake, na ukuta haukuwa na uwezo wa kuficha kitu. "Mama, ukuta huu ukikuangukia, nitawaambia nini watu?" "Utawaambia mama yako alikuwa mkaidi." "Kaniha kuna chumba chako. Chini kina saruji." "Najua kina saruji," alijibu, "na najua mke wako ni mwema. Lakini nitaamka asubuhi niulize chumvi iko wapi. Nitakuwa mgeni, Deusi. Mgeni wa kila siku, mpaka nife. Hapa hata giza likiwepo najua baba yako amelala upande gani wa migomba." Kisha Deusi akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayejilazimisha: "Basi mvua ya kwanza ikikuta ukuta huu uko wazi, tunaondoka wote wawili." Nikamsikia Mama akijibu, taratibu: "Tunaondoka." Niliacha kukwangua. Mpaka siku ile nilikuwa najenga ili nisifiwe. Kuanzia pale nilikuwa nashindana na mawingu.

Mbao zilikuwa zimekauka, au nilijiambia zimekauka. Nikaanza. Kwanza nilipigilia papi wima, zile mbao nyembamba, juu ya miti ya ukuta, ili mbao zenyewe zisigusane na udongo na upepo upite nyuma yake. Ukuta ulikuwa umebonyea hapa na kutuna pale, kwa hiyo nilichukua misumari mirefu, ya inchi sita, niliyoifuata Biharamulo mjini, ndiyo pekee iliyoweza kupita papi na udongo na kuushika mti. Ndipo niliposita. Sikujua udongo wa ndani umebaki unene gani. Fundi mwingine yeyote angezunguka, angeingia na kutazama. Mimi nilimuita Adelina. "Muulize Mama kama misumari inatokea ndani." Adelina akaingia. Alikaa kidogo kuliko kawaida, akarudi, akasema, "Anasema iko sawa. Uendelee." Nikapiga misumari mingine mpaka kona, nikauliza tena. "Iko sawa," ikaja jibu lilelile. Niliringa. Nilimwambia Adelina kwamba jicho la fundi halihitaji kuingia ndani ili lione.

Siku hizohizo zilianza kusikika ngo, ngo, ngo kutoka chumbani, kama jiwe dogo linagonga kitu kigumu. Nikimaliza kupigilia papi moja na kuhamia nyingine, nyuma yangu ndani inaanza ngo, ngo. "Mama anafanya nini?" nilimuuliza mke wangu. "Anaponda karanga," akanijibu, na akaondoka haraka kwenda kuchota maji. Mimi napenda sana mboga ya karanga. Mchana nikanawa mikono mapema, nikafunua ungo. Maharage. Kesho yake ngo, ngo, ngo, nikafunua ungo nikakuta kisamvu, hakina hata chembe ya karanga. Nikafikiri labda anaweka akiba ya sherehe ya kumaliza nyumba. Nikafanya kazi kwa bidii zaidi.

Mbao zilipanda kutoka chini kwenda juu, kila ubao ukiulalia kidogo ule wa chini yake, ili maji yakishuka yasipate pa kuingilia. Nilianza juu ya msingi wa mawe, umbali wa kutosha kutoka ardhini ili tope lisirukie na mchwa wasipande bila kuonekana. Kila ubao nilipiga safu moja tu ya misumari, ile midogo, upande wa juu, maana mbao inavimba na kusinyaa na ukiibana huku na huku inapasuka. Uso wa nje niliupiga randa. Takataka za randa zilijaa uani, nyekundu nyekundu, watoto wa jirani wakazivaa kuwa nywele. Mawingu yalikuwa yanakuja kila alasiri yakitazama na kuondoka.

Mbao mbili za chini tulizipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Mama alikataa isifike juu. "Mwambie mkwe silali ndani ya gereji." Akasema yeye mwenyewe ataandaa cha kupaka. Alinunua nta kwa warina asali, akaiyeyusha kwenye mafuta ya alizeti, sufuria ndani ya sufuria yenye maji ya moto, akaniachia kwenye kizingiti cha jiko na kuondoka, nami nikasogea kuichukua. Niliisugua kwa kitambaa ikiwa bado ya vuguvugu. Ile rangi ya waridi ikaiva, madoadoa yakajitokeza, ukuta mzima ukanukia asali. Kilichofuata hatukukitarajia. Nyuki wakaja. Walitua ukutani kwa wingi, wakatembea juu ya mbao wakitafuta mlango wa mzinga, na mimi nilishuka kwenye ngazi kwa kasi isiyo ya heshima, nikapita mbele ya baraza ya Mama nikipiga kelele. Nilimsikia akicheka. Alicheka mpaka akaomba maji. Hapakuwa na Adelina wa kunitafsiria kicheko kile, na sikumhitaji.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, na Deusi alikuja nayo. Alikuwa ametoka Kaniha na baiskeli yenye kamba za kufungia mizigo, na nilipoziona zile kamba nilijua zimeletwa kwa ajili ya vitu vya Mama. Ilinyesha ileile ya upepo, ya kutoka upande uleule. Mimi nilikaa bandani nikitazama maji yanavyoteremka kwenye mbao, ubao hadi ubao, mpaka kwenye mawe. Ndani nilimsikia Mama: "Deusi, njoo uguse." Mvua ikaendelea. Deusi alitoka akiwa ameuma midomo, uso umemjaa kitu nisichokielewa, nikadhani anazuia machozi mbele ya mkwe. "Ukuta umeshika," akasema. "Mkavu kabisa." Akanitazama kwa muda mrefu, akaweka mkono mdomoni, akachukua baiskeli yake na kamba zake, akaondoka mvuani. Nilisogea nikasimama mbele ya mbao zangu kuziangalia. Ndipo ilipotoka sauti, ng'ambo ya ukuta, bila mtu katikati. "Mkwe," alisema. "Asante. Sasa naweza kuzeeka." Sikujua kama nina ruhusa ya kujibu. Nikaweka kiganja kwenye ubao uliokuwa mbele yangu na kusema, "Asante wewe, Mama." Nilikuwa namshukuru kwa miti, kwa chakula, kwa binti yake, kwa kila kitu, na nilitaka niyaseme yote, lakini niliweza kusema hayo tu.

Akazeeka kweli, humohumo. Kila kiangazi nilitoka Bugarama na kitambaa na nta, nikaupaka ukuta wake, naye alikaa ndani akinipa habari za Nyantakara kupitia mbao. Tuliongea mambo ya mvua na bei ya kahawa, wanangu walipozaliwa, na nilipofiwa na mama yangu mzazi ni kwenye ukuta ule nilipolilia, yeye akikaa upande wa pili bila kusema neno mpaka nilipomaliza. Nimeshasikia vijana wakisema desturi ile inawatenganisha watu. Huenda ni kweli kwa wengine.

Sasa nilikuwa kizingitini, na Deusi alikuwa ananisubiri. Niliingia. Kilikuwa chumba kidogo, nadhifu, na kitanda chake kilikuwa kimesogezwa kando. Nilinyanyua macho nitazame ukuta, na mwanzoni sikuelewa ninachokiona. Ukuta mzima ulikuwa umetoka misumari. Misumari yangu ya inchi sita, safu kwa safu, kila palipokuwa na papi. Kila mmoja ulikuwa umekunjwa kuelekea juu, na kila ncha ilikuwa imefungwa kitambaa cha kitenge ili isichome. Na kila mmoja ulikuwa umebeba kitu. Kikapu cha chumvi. Mwavuli. Khanga zilizokunjwa. Redio yake. Kalenda ya kanisani. Picha ya harusi yetu, mimi na Adelina, imetundikwa mahali ambapo mtu aliyelala angeiona anapoamka. Miaka yote ile sikumtazama usoni, na yeye alikuwa ananitazama kila asubuhi.

"Hakuwahi kuponda karanga," alisema Adelina nyuma yangu. Alikuwa amekuja kimya na alikuwa analia na kucheka. "Uliponituma kuuliza, alikuwa amekaa kitandani, msumari umetokea karibu na bega lake. Akasema, 'Nikimwambia atabomoa, na akibomoa mvua itatukuta. Mwambie iko sawa.' Akaokota jiwe." Deusi akasema na yeye siku ile ya mvua nusura afe kwa kicheko, na kwamba Mama alimwapisha asiniambie, akiwa na mkono juu ya ukuta mkavu. Wote walijua. Shangazi Yustina alijua mpaka anaingia kaburini. Mtaa mzima wa wanawake waliokuja kumjulia hali akiwa mgonjwa walijua. Kwa kipindi chote hicho nilitembea Nyantakara nikiwa fundi asiyehitaji kuingia ndani, na hakuna aliyenivunjia heshima hiyo.

Deusi aliuliza kama ukuta bado una maisha. Niliugonga kwa kidole, ukaitika vizuri. Nikamjibu kwamba mjukuu ahamie tu. "Na hii misumari?" akauliza. "Nina msumeno wa chuma kwenye gari, tuikate?" Nikamwambia asiiguse. Karibu na mahali palipokuwa na mto wake wa kulalia kulikuwa na msumari mmoja mtupu, kitenge chake kimelainika kwa kushikwashikwa. Adelina akasema huo ulikuwa wa rozari, na rozari tumemzika nayo. Nikaukaribia. Nikavua kofia yangu, nikaitundika pale.